Jinsi ya Kukusanya, Kuhakiki na Kugeuza Seti za LEGO

Kabla hujanunua seti ya pili ya LEGO, chukua rula na tofali moja la vinundu vinane, lile la kawaida lenye safu mbili za vinundu vinne vinne, kisha ulipime. Utakuta kwamba kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi katikati ya kinachofuata ni milimita 8, na kwamba kimo cha tofali bila kuhesabu vinundu vyake ni milimita 9.6. Kibamba, yaani kile kipande chembamba, kina kimo cha milimita 3.2, kwa hiyo vibamba vitatu vikipandanishwa hulingana na tofali moja. Vipimo hivi vitakuongoza unaponunua, unapohakiki na, zaidi ya yote, unapogeuza seti iwe kitu ulichokibuni mwenyewe. Nimeviweka mwanzoni kwa sababu nilikusanya kwa miaka kadhaa bila kuvijua, na muda huo wote nilifuata vitabu vya maelekezo bila kuelewa ni kwa nini kipande fulani kiliwekwa mahali fulani.

Vipimo hivyo vinaaminika kwa sababu ya historia ya tofali lenyewe. Kampuni ilianzishwa mwaka 1932 huko Billund, Denmark, na seremala Ole Kirk Christiansen, aliyeanza na vitu vya kuchezea vya mbao. Jina LEGO, lililoanza kutumika mwaka 1934, limetokana na maneno mawili ya Kidenmark, leg godt, yenye maana ya "cheza vizuri". Matofali ya plastiki yalifuata mwaka 1949, lakini yalikuwa matupu ndani na yalishikana kwa ulegevu. Tarehe 28 Januari 1958 mwanawe, Godtfred, aliomba hataza ya tofali lenye mirija ndani, na mirija hiyo ndiyo inayobana vinundu vya tofali lililo chini yake. Tofali la muundo huo wa 1958 bado linashikana na lililotoka kiwandani juzi. Mwaka 1963 plastiki ya awali, asetati ya selulosi, ambayo ilikuwa na tabia ya kujipinda, iliachwa na nafasi yake ikachukuliwa na plastiki nyingine iitwayo ABS. Kwa mkusanyaji jambo hili lina matokeo ya wazi: vipande vya kabla ya 1963 ni vya kuweka kabatini kama kumbukumbu, wala si vya kuchanganya na vile vya kujengea.

Kuchagua, kununua na kutunza

Jiwekee mpaka kabla hujaanza kununua kwa wingi. Mpaka huo unaweza kuwa mada, kipindi cha miaka au hata aina ya kipande, mradi uweze kuueleza kwa sentensi moja. Mimi nilichagua majengo ya mtaani, mfululizo ulioanza mwaka 2007 kwa Café Corner, seti namba 10182 yenye vipande 2,056, iliyobuniwa na Jamie Berard. Majengo haya hukaa juu ya bamba la msingi la vinundu 32 kwa 32, yaani sentimita 25.6 kila upande, huunganishwa ubavu kwa ubavu kwa pini, na kila ghorofa huweza kuinuliwa peke yake ili uone ndani. Nawashauri wengi waanzie hapa, kwa sababu sehemu kubwa ya vipande vyake ni matofali, vibamba, vigae (yaani vibamba visivyo na vinundu juu) na madirisha ya kawaida ambayo yatakufaa katika kazi nyingine yoyote, tofauti na seti za magari au vyombo vya angani ambazo vipande vyake vingi vina umbo la kazi moja tu.

Fungua daftari au jedwali la kompyuta siku hiyo hiyo unayonunua seti ya kwanza. Andika namba ya seti, mwaka ilipotoka, tarehe uliyoipata, bei pamoja na gharama za kusafirisha na ushuru wa forodha, na vipande vilivyokosekana. Namba ndiyo kitambulisho cha kweli, kwa kuwa jina la seti hubadilika kutoka lugha moja hadi nyingine, ilhali namba haibadiliki. Ukiziingiza namba zako katika hifadhidata ya Rebrickable, itakupa orodha kamili ya vipande ulivyo navyo na kukuonyesha miundo mingine inayoweza kujengwa kwa vipande hivyo hivyo. Kwa mtu mwenye seti chache na bajeti ndogo, sijui msaada mkubwa kuliko huo.

Seti nyingi hukaa madukani kwa mwaka mmoja au miwili mitatu kisha husitishwa, na baada ya hapo bei yake mikononi mwa wauzaji binafsi hupanda. Kupanda huko kumewafanya watu wengi wanunue maboksi na kuyafungia stoo kama akiba ya fedha. Siwashauri wanaoanza kufuata njia hiyo. Seti ya Taj Mahal, namba 10189, ilitoka mwaka 2008 ikawa miongoni mwa zilizotafutwa kwa bei ya juu sana baada ya kusitishwa. Mwaka 2017 kampuni iliitoa upya kwa namba 10256, na waliokuwa wamelipa fedha nyingi kwa ile ya kwanza waliona thamani yake ikishuka. Nunua seti unayotaka kuijenga, na ikipanda bei baadaye iwe ni ziada.

Ukinunua iliyokwisha tumika, omba picha ya vipande vyote vikiwa vimetandazwa, si picha ya boksi. Kitabu cha maelekezo kikiwa kimepotea usijali, kwa sababu vitabu vingi hupatikana bure katika tovuti ya kampuni, na kurasa za mwisho za vile vya miaka ya karibuni zina orodha ya vipande vyote. Kinachostahili wasiwasi ni vijisanamu, wale watu wadogo, kwa kuwa katika seti za Star Wars na nyingine zenye leseni ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya bei, na ndivyo vinavyochomolewa kwanza na wauzaji wasio waaminifu. Kagua pia uhalisi: kila kinundu cha tofali la LEGO kina neno LEGO juu yake, na tofali lenye vinundu vitupu halikutoka Billund, hata kama boksi lina picha ile ile.

Rangi nazo zina historia ambayo muuzaji hatakueleza. Mwaka 2004 kijivu cha zamani, chenye joto kidogo, kilibadilishwa na kijivu kinachoelekea buluu, na hudhurungi ya zamani ikabadilishwa na hudhurungi yenye wekundu. Ukijazia ukuta wa seti ya 1998 kwa vipande vya kijivu vya leo, mabaka yataonekana hata kwa mtu asiye mzoefu, kwa hiyo agiza rangi kwa jina lake kamili. Vilevile, vipande vya hudhurungi yenye wekundu na vya nyekundu iliyokolea vilivyotengenezwa kuelekea mwisho wa miaka ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010 vinajulikana kwa kupasuka vinapobanduliwa. Vishughulikie polepole, na kamwe usivibandue kwa meno, ambayo huacha alama kwenye plastiki yoyote. Kifaa cha kubandulia matofali kina bei ndogo na seti nyingi kubwa huja nacho.

Adui mkubwa wa mkusanyo ni jua. Mwanga wake hufanya matofali meupe, ya kijivu na ya buluu kuwa ya njano, kwa hiyo rafu isielekee dirisha, na katika nyumba zenye mwanga mwingi kama nyingi za pwani pazia zito lina faida kuliko kabati la kioo. Vumbi huondolewa kwa brashi laini ya kupaka rangi. Vipande vilivyochafuka vioshwe kwa mkono, kwa maji yasiyozidi nyuzijoto 40 na sabuni kidogo, kisha vikaushwe kivulini. Mashine ya kufulia huvikwaruza, na maji ya moto huvipinda. Umanjano waweza kupunguzwa kwa kuvilaza vipande katika haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya dukani kwa mfamasia, na kuviweka juani kwa saa kadhaa huku ukivaa glavu, ingawa rangi ya njano huweza kurudi baada ya muda. Mimi huitumia njia hiyo kwa vipande adimu tu.

Unapohifadhi vipande vya ziada, vitenge kwa umbo na wala si kwa rangi. Katika kopo la vibamba vya vinundu viwili vyenye rangi mchanganyiko, jicho huona chekundu mara moja. Katika kopo la vipande vyekundu vya maumbo mia moja, utachakura kwa nusu saa ukitafuta kimoja kidogo.

Kuhakiki

Uhakiki mzuri humsaidia msomaji kuamua kama atatoa fedha zake, na kwa sababu hiyo mhakiki hana budi kusema mwanzoni kama seti aliinunua au alipewa. Jenga seti yote kabla hujaandika sentensi ya kwanza. Unapojenga, andika muda uliotumia kwa kila mfuko wenye namba, hatua zilizokuchanganya, na mahali ulipolazimika kubandua na kurudia. Kumbukumbu hizo hazipatikani tena ukishamaliza, kwa kuwa furaha ya kuona jengo limesimama husahaulisha dhiki ya kurasa za katikati.

Wahakiki wengi hugawanya bei kwa idadi ya vipande na kutoa hukumu kwa namba hiyo. Kipimo hicho kinapotosha kisipofafanuliwa. Ramani ya dunia, seti 31203 ya mwaka 2021, ina vipande 11,695, lakini vingi sana ni viduara vya kinundu kimoja. Millennium Falcon ya mwaka 2017, seti 75192, ina vipande 7,541, na kati yake kuna vibamba vikubwa na mihimili inayobeba chombo kizito. Ukizilinganisha kwa bei ya kipande kimoja, ramani itaonekana rahisi kupita kiasi, ilhali kiasi cha plastiki ulichonunua ni kidogo zaidi. Pima uzito wa vipande kwa mizani ya jikoni, uandike uzito pamoja na idadi, halafu eleza ni vipande vya aina gani vilivyo vingi.

Kisha tenganisha mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa: raha ya kujenga, sura ya kazi ikikamilika, na manufaa ya vipande baada ya kuvunjwa. Seti inaweza kupendeza rafuni na bado ikachosha kuijenga kwa sababu ya kurudia hatua ile ile mara arobaini. Nyingine haina sura ya kuvutia lakini ina milango, matao na vigae vya rangi adimu, na kwa mtu anayependa kubuni hiyo ndiyo seti ya kununuliwa mbili. Taja pia kama michoro imechapwa kwenye vipande au ni stika, kwa sababu stika hubanduka kingo baada ya miaka na hukifanya kipande kisifae kazi nyingine. Inua jengo kwa mkono mmoja uone kama linaachana. Kwa picha, tumia mwanga wa mchana kutoka ubavuni na karatasi nyeupe nyuma, na piga angalau picha moja ya nyuma ya jengo, upande ambao picha za boksi aghalabu huuficha.

Kugeuza

Hapa ndipo rula ile ya mwanzo inapolipa. Zidisha milimita 3.2 mara tano: unapata milimita 16, ambazo ni upana wa vinundu viwili hasa. Zidisha 9.6 mara tano: unapata 48, ambazo ni upana wa vinundu sita. Maana yake ni kwamba vipande vinaweza kugeuzwa ubavu na bado vikajaza nafasi bila mwanya, mradi uchague idadi zinazokutana. Sehemu kubwa ya ufundi unaoonekana katika majengo mazuri inatokana na hesabu hizi mbili.

Nitaeleza kazi moja hatua kwa hatua. Nilitaka kuligeuza jengo la mtaa wa Ulaya liwe nyumba ya mtaa wa pwani yetu, yenye kuta nyeupe za chokaa, baraza mbele na mlango wa mbao wa nakshi wenye misumari ya shaba, kama ile ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kwanza nilipiga picha kila upande wa jengo, nikaondoa ukuta wa mbele wa ghorofa ya chini, na vipande vyote vilivyotoka nikavitia katika mfuko wenye namba ya seti. Fanya hivyo hata kama una hakika hutarudisha, kwa sababu seti iliyokosa vipande vyake hupungua thamani na wewe mwenyewe utasahau vilitoka wapi.

Mlango wa kawaida wa LEGO una upana wa vinundu vinne na kimo cha matofali sita, lakini ni laini na hauna nafasi ya nakshi. Nilifikiria kusimamisha wima kibamba cha vinundu vinne kwa sita, chenye namba 3032, ili vinundu vyake 24 vitazame nje mfano wa misumari. Tatizo lilikuwa kimo: matofali sita ni milimita 57.6, na hakuna idadi kamili ya vinundu inayolingana nayo. Niliposhusha uwazi hadi matofali matano, kimo kikawa milimita 48, sawasawa na vinundu sita, na kibamba kikaingia bila mwanya juu wala chini. Kijisanamu kina kimo cha takriban matofali manne bila kofia, hivyo bado kinapita mlangoni kikiwa kimesimama.

Kibamba kilichosimama kinahitaji kushikwa kutoka nyuma. Nyuma ya uwazi nilijenga safu ya pili ya ukuta, na ndani yake nikaweka tofali namba 87087, ambalo ni la kinundu kimoja lenye kinundu kingine ubavuni. Kinundu hicho cha ubavuni kimekaa milimita 4 kutoka juu ya tofali, kwa hiyo ukiweka tofali hilo katika mstari wa juu kabisa wa uwazi, ukingo wa kibamba unalingana na ukingo wa tofali. Wanaoanza hukosea kwa kupandanisha matofali ya aina hii moja juu ya jingine na kutarajia vinundu vyote viwili vishike. Havishiki, kwa sababu umbali kati yake ni milimita 9.6, wakati kibamba kinataka 8 au 16. Weka vibamba viwili kati ya tofali na tofali: 9.6 na 6.4 ni 16, na vyote viwili vitashika. Kwa kuwa kibamba pamoja na vinundu vyake kina unene wa takriban milimita 5 na ukuta una milimita 8, mlango umezama ndani kidogo na kupata kivuli, na kivuli hicho ndicho kinachoufanya uonekane mzito kama mbao. Misumari ilikuwa vibamba vya mviringo vya kinundu kimoja, rangi ya dhahabu, vilivyopangwa katika safu tatu, na vinundu vilivyobaki nikavifunika kwa vigae vya hudhurungi.

Baraza ilikuwa kazi nyepesi. Nilipanga matofali meupe yenye upana wa vinundu viwili kando ya ukuta, nikayafunika kwa vigae isipokuwa vinundu vichache nilivyoviacha wazi, kwa kuwa kijisanamu kilichoketi hushika kinundu na juu ya kigae kitupu huteleza na kuanguka. Kwa ukuta nilichanganya matofali laini na machache yenye uso wa mawe, hasa chini karibu na ardhi, mahali ambapo chokaa ya kweli huanza kubanduka.

Kabla ya kuagiza vipande kama hivyo, jenga kwanza katika programu ya Studio ya BrickLink, ambayo ni ya bure. BrickLink ilianza mwaka 2000 kama soko la wauzaji binafsi wa vipande, na tangu 2019 inamilikiwa na LEGO yenyewe. Programu hiyo hukuonyesha vipande vinavyogongana na hukupa orodha ya kununulia. Tafuta muuzaji mmoja mwenye vipande vingi vya orodha yako, hata kama bei yake ni ya juu kidogo, kwa sababu kila kifurushi kina gharama yake ya kusafirisha, na kwa anayeagizia Afrika Mashariki gharama hiyo mara nyingi huzidi bei ya vipande vyenyewe. Agiza ziada ya vile vidogo. Kigae kimoja kikipotea chini ya kochi kisikusubirishe mwezi mzima.

Kuhusu gundi, rangi na kisu, msimamo wangu ni kwamba visiguse kipande cha seti kamili. Anayetaka kupaka rangi kijisanamu au kukibandikia michoro ya kubandikwa kwa maji atumie kipande cha ziada, na anayeuza baadaye amweleze mnunuzi. Epuka pia kulazimisha kipande mahali ambapo hakikukusudiwa, kwa mfano kuchomeka kibamba wima kati ya safu mbili za vinundu: nafasi iliyopo kati ya vinundu ni milimita 3.2 na kibamba kina unene huo huo, hivyo kinaingia kwa kubanwa, plastiki hubaki imekazwa muda wote, na hatimaye hulegea au hupasuka.

Ukimaliza, usiweke jengo rafuni siku hiyo. Liache mezani kwa wiki moja, linyanyue kila siku, fungua na ufunge ghorofa zake, na uandike kila kipande kinachotoka. Mlango wangu ulidondoka siku ya tatu, kwa sababu nilikuwa nimetumia tofali moja tu la kinundu cha ubavuni. Nilipoongeza la pili, vibamba viwili chini yake, haukutoka tena.